Koti la Madhabahuni

Kanisani kwetu Giteranyi, kaskazini mwa Burundi, kulikuwa na koti moja. Lilikuwa la rangi ya kahawia, kifungo chake kimoja hakikufanana na wenzake, na lilitundikwa kwenye msumari katika kachumba nyuma ya madhabahu, pamoja na ngoma na masufuria ya harusi. Mtu aliyepangiwa kuomba mbele ya watu, au kusoma neno, au kuhubiri, aliingia mle akalivaa, akatoka akiwa mtumishi. Akimaliza alilivua, na aliyefuata alilivaa likiwa bado na joto la mwenzake.

Sheria hiyo haikuandikwa popote. Tulirudi nayo kutoka Tanzania, tulikokuwa wakimbizi. Mwinjilisti wetu wa kwanza, mtu mwembamba sana, alikuwa na koti hilo kambini, na alizoea kusema kwamba mtu hapandi mbele ya Mungu na shati tupu kana kwamba anakwenda kununua chumvi. Amani ilipokuja tukapakiwa kwenye malori kuvuka mpaka wa Kobero, koti lilikuja pamoja naye. Baadaye alizeeka, akahamia Muyinga mjini kwa watoto wake, akaliacha kanisani kama zawadi. Na maneno yake yakabaki mfukoni mwa lile koti.

Baba yangu ni mtu mkubwa. Hana kitambi, lakini mabega yake yanajaza mlango, na watu wakitafuta mtu wa kunyanyua boriti ya nyumba wanamwita yeye kwanza. Siku moja, nikiwa bado shule ya msingi, ilikuwa zamu ya wazazi wangu kufagia kanisa. Mimi nilikuwa nikipanga mabenchi. Nikasikia mama akicheka kwenye kachumba, nikaenda kuchungulia. Baba alikuwa ameingiza mikono yote miwili kwenye koti, nalo lilikuwa limemkwama chini ya mabega kama gunia lililonasa kwenye kisiki.

"Vuta pumzi," mama alimwambia.

"Nikivuta pumzi ndiyo navimba."

"Basi toa."

Alitoa pumzi, mama akavuta, na mshono wa mgongoni ukalia. Kisha mama akacheka tena hadi akakaa chini. Alilichukua koti nyumbani, akalishona, akalirudisha kwenye msumari kabla ya Jumapili, na hakuna aliyejua. Baba hakulijaribu tena.

Kwa hiyo baba hakuwahi kuomba mbele ya kanisa. Hakuna aliyemkataza, lakini ratiba ilipopangwa, macho ya wapangaji yalimpita kama yanavyopita nguzo. Miaka ilivyokwenda, watumishi wote wakawa watu wembamba. Mgeni angetazama safu yao pale mbele angedhani wokovu unakondesha. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia baba akiomba, watu wakaanza kusema kwamba yule mzee ni mtu mwema, hagombani na mtu, ila hana moto. Nilisikia neno hilo kisimani, mlangoni mwa kanisa, hata kwa shangazi yangu mwenyewe. Hana moto.

Mimi nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Baba alikuwa na baiskeli aliyobebea ndizi kwenda sokoni, na siku zisizo za shule nilimfuata nyuma ili nisukume kwenye mlima. Baiskeli ikiwa na mikungu haipandwi, inasukumwa. Na baba akisukuma alikuwa akiomba. Hakufumba macho, wala sauti yake haikubadilika. "Bwana, huu mlima nao," alikuwa akisema. "Haya, tuusukume. Yule mtoto wangu huko nyuma viatu vimemshinda, na hataki kuniambia. Wewe unamwona. Na yule jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, nimemkasirikia tangu juzi, nimechoka kumkasirikia. Nisaidie niache." Kisha angenyamaza kidogo, kana kwamba anasikiliza, na angesema, "Eh, sawa," akaendelea kusukuma.

Nimesoma, nimehitimu, nimesikiliza wahubiri wengi wazuri, na bado sijasikia maombi mengine yaliyonifanya niamini kwamba upande wa pili kuna mtu.

Mimi nilichukua umbo la mama. Nilipofika kidato ambacho watoto huanza kuota ndevu, koti lilinikaa kana kwamba lilikatwa kwa ajili yangu, na nikapangwa kuomba. Nilivaa, nikasimama, nikasema maneno niliyowasikia wengine wakiyasema, nikapandisha sauti pale walipopandisha wao. Kina mama walilia. Baada ya ibada walinishika kichwa wakisema kijana huyu ana upako. Mama alitembea njia nzima akiwa amenishika mkono, mimi mtu mzima, mbele ya wasichana. Mimi nilikuwa nikifikiria kitu kimoja tu: kwamba kitambaa cha ndani cha koti kilikuwa kimelowa jasho la mtu aliyenitangulia, na kwamba kama ningemvika mgomba koti lile, labda mgomba nao ungeliza watu. Tangu hapo wazo hilo halijanitoka. Kila ninapoona mtu anaomba vizuri, najiuliza yuko wapi yeye, na koti lake linaishia wapi. Nikiomba mimi, najiuliza mara mbili.

Mama alifariki baada ya kuugua muda mfupi. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, Gitega, na nilifika Giteranyi wakati kaburi limeshachimbwa. Maombi ya mazishi aliyafanya mzee wa kanisa mmoja mwembamba, amevaa koti. Alimwita mama "chombo cha thamani katika shamba la Bwana." Alimwombea kama anavyoombewa mama yeyote. Hakusema habari ya kicheko chake. Hakusema kwamba siku ya kuvuka Kobero, kwa kuwa mizigo ilipimwa, alivaa nguo zake zote kwa pamoja, gauni juu ya gauni, akashuka kwenye lori kama mke wa tajiri, akichekwa na malori yote. Baba alisimama pembeni ya kaburi na shati lake jeupe. Midomo yake ilifungwa. Nilimtazama kuanzia mwanzo wa maombi hadi mwisho, na nilitamani sana aifungue.

Kwetu msiba haufungwi siku ya mazishi. Unakaa wazi, na ukishakaa vya kutosha ndugu wanakutana tena, wanakula, wanazungumza, na wafiwa wanapewa ruhusa ya kurudi kwenye maisha. Kwa Kirundi tunaita kuganduka. Walevi wanafanya kwa pombe, sisi tunafanya kwa maombi kanisani na soda nyumbani. Muda wa mama ulipofika, baba alinipigia simu. Nilikuwa nimeshahitimu, nimepanga chumba Nyamugari, palepale Gitega, nafundisha vipindi vya kuokoteza huku nikisubiri kazi ambayo kila mtu aliniambia niisubiri.

"Nimewaambia wazee kwamba safari hii nitaomba mwenyewe," baba alisema.

Nilisimama kitandani. Sijui kwa nini nilisimama kitandani.

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Kwa hiyo nitafutie koti. Huko kuna makoti. Langu mimi, si la kuvaa kwa kubana pumzi."

Nilimwambia nitatafuta. Simu ilipokatika, furaha ilinishika kwanza, kisha zikaja fikra. Mbona anataka koti? Mtu anayeongea na Mungu vile, kwenye mlima, na jasho, na matope kwenye ndara, anahitaji koti la nini? Nikafikiri labda amechoka kuitwa asiye na moto. Nikafikiri labda ni mimi ninayekosea, kwa sababu mimi mwenyewe pale Gitega sikuwahi kwenda kanisani bila kupiga pasi. Kanisa ninalosali lina vijana wanaovaa vizuri, wananukia, na nimejifunza baada ya wimbo wa ngapi watu wanainua mikono. Nainua pamoja nao. Ndani ya mikono yangu hakuna kitu. Nimeshakaa pale nikijaribu kusema "Bwana, huu mlima nao," kimoyomoyo, na ikasikika kama ninamwigiza mtu.

Sokoni nilizunguka kwenye mitumba hadi miguu ikauma. Muuzaji mmoja alininyanyulia makoti yake yote, moja baada ya jingine, na kila moja nilimwambia ni dogo. Mwisho akalitupa la mwisho juu ya lundo.

"Patron, uniambie ukweli. Baba yako ni mtu ao ni nyumba?"

"Ni mtu."

"Basi muambie avae pazia."

Wenzake walicheka, nami nikacheka, kisha njia nzima ya kurudi nikajiuliza kama kucheka kule kulikuwa kumsaliti baba.

Mwenye nyumba wangu ni Mwislamu, anauza vitambaa, mtu mwenye mwili hasa. Jioni hiyo alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango wangu bila kuwasha taa. Tangu nihitimu ananiita licencié, yaani mwenye shahada, na analivuta neno hilo kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kutembea.

"We, licencié! Mbona unakaa mu giza? Iko nini?"

"Natafuta koti la baba, mzee. Sijapata la kumtosha."

"Baba yako iko namna gani? Kama mi?"

Nilimtazama. "Karibu sawa, mzee. Labda mabega yake zaidi kidogo."

"Zaidi yangu?" Aligeuka kumwita mkewe, ambaye alikuwa akipepeta mchele uani. "Unasikia? Iko mtu kule Muyinga ananishinda mabega!"

"Mungu amusaidie bibi yake," alisema mkewe. "Mi najua kufua shati ya mtu kama hiyo."

"Alishafariki, mama," nikasema. "Koti ni la kumwombea."

Ungo ulisimama. Mwenye nyumba alijikuna ndevu, akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na koti jeusi lililofunikwa mfuko wa plastiki. Nililijua. Ndilo analovaa juu ya kanzu siku ya Idi, akisimama mlangoni kugawia watoto wa mtaa pipi.

"Peleka."

"Mzee, litaingia kanisani. Atasimama nalo madhabahuni."

"Kwani mi nimeuliza itaenda wapi?" Alinikabidhi. "Irudi tu mbele ya Idi. Na akule kidogo hapo kwenye sikukuu, asipasue kifungo."

Mkewe alilichukua tena mkononi mwangu, akalipiga brashi, akalikunja upya. Lilinuka udi. Lilinuka udi chumba kizima usiku ule, na kwenye gari kupitia Karuzi, hata mwanamke aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama nakwenda kuoa.

Njiani nilipata wazo, na wazo hilo lilinifurahisha mno. Ningefika nimwambie baba kwamba sikupata. Ningeliacha koti kwenye begi, chini ya shati zangu. Siku yenyewe wazee wasingeweza kumkatalia, wameshakubali, ndugu wameshafika, chakula kiko motoni. Angesimama na shati lake jeupe, angefungua kinywa, na kanisa lote lingesikia kile nilichokuwa nikikisikia mimi nyuma ya baiskeli. Wangejua. Miaka yote ya kuitwa baridi ingekwisha kwa dakika chache. Nilipanga hata maneno: "Baba, nimezunguka Gitega nzima, hakuna." Kisha nikaona sentensi hiyo ina uongo, nikaitengeneza iwe "Sokoni hakukuwa na la kukutosha," ambayo ilikuwa kweli, na nikaanza kuipenda.

Nilishuka Muyinga, nikachukua pikipiki hadi Giteranyi. Baba alikuwa ananisubiri barabarani, amenyolewa, shingo yake imekonda kuliko nilivyoiacha. Hakunisalimu kwanza. Alitazama begi.

"Limepatikana?"

Alikuwa na uso wa mtoto anayeogopa kujibiwa. Nilifungua begi pale pale barabarani, nikampa.

Alilivaa palepale. Mwenye pikipiki alikuwa bado hajaondoka. Mkono wa kwanza ukapita, na wa pili. Mabega yakaingia, yakakaa. Baba akavuta pumzi kwa tahadhari, kisha akaivuta yote, na hakuna mshono uliolia. Alinitazama kama anayetaka kusema neno, akasema, "Lina manukato."

"La mwenye nyumba wangu. Mwislamu. Anataka lirudi kabla ya Idi."

Alifikiri. "Mwambie Mungu amzidishie," alisema, akaanza kulifunga vifungo.

Siku ya kuganduka kanisa lilijaa. Walikuja watu waliorudi nasi kutoka Tanzania, na ndugu wa mama ambao hawakuwahi kuondoka na walikuwa wakitutazama bado kama wageni wanaojua kula. Nilikaa benchi la mbele pamoja na shangazi. Niliona baba akiingia kwenye kachumba pamoja na mwinjilisti wa sasa, na nikamsikia mwinjilisti, mtu wa makamo mwenye kikohozi kidogo anachokitanguliza kila anapoomba, akisema, "Ee, mzee, leo umependeza! Na haya manukato ni ya wapi?"

"Ya Gitega," baba alijibu.

Akatoka. Jeusi lile lilimfanya mrefu zaidi. Watu waligeuziana vichwa, na shangazi akanibana kwa kiwiko. Nilifumba macho kabla hajasema tufumbe. Nilikuwa tayari kwa ile sauti, ile ya mtu anayeongea na mwenzake ng'ambo ya uzio. Nilikuwa tayari kwa jina la mama kutajwa kama lilivyokuwa likitajwa jikoni.

Baba akakohoa kidogo.

"Mungu wa rehema na fadhili," alianza, kwa Kirundi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. "Wewe uketiye juu ya vyote, sisi mavumbi yako tunakuja mbele za kiti chako cha enzi." Nikafumbua macho. Sauti ilipanda pale inapopandishwa siku zote. Mikono ikainuka, na koti likainuka nayo. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya chombo cha thamani. Aliwaombea viongozi, wajane, yatima, wasafiri na wagonjwa waliolazwa. Kina mama wakajibu amina, moja, nyingine, zikaungana. Mtu nyuma yangu akaanza kulia. "Kumbe anajua!" shangazi alininong'oneza, machozi yakimtoka. "Kumbe baba yako anajua!"

Mimi nilisubiri mlima. Nilisubiri jirani, viatu, nguo zilizovaliwa gauni juu ya gauni. Kila aliposhusha pumzi nilidhani sasa. Hakuna kilichokuja. Alifunga kwa maneno ambayo kila mtu anafungia, na kanisa zima likasema amina kubwa kuliko zote, na nilikuwa nimekaa pale nikiwa na njaa kama mtu aliyepitwa na sahani.

Nyumbani kulikuwa na wali, maharage na ndizi, na soda kwa kila mtu. Ndugu wa mama alisimama, akamwambia baba kwamba msiba umekwisha, sasa alime, acheke, auze, aishi. Watu walipita mmoja mmoja kumshika mkono, na wakishamshika mkono waligusa na mkono wa koti. Mwinjilisti naye alikuja.

"Mzee, Jumapili nakupanga ufungue ibada. Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa benchi la tatu," baba alisema.

Alasiri, wageni walipopungua, nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Jua lilikuwa kali na bado alikuwa amevaa koti. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu. Nilikaa chini karibu yake. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba sitasema kitu.

"Umeomba vizuri, baba."

"Umeona, eh?" Alinigeukia uso wote. "Sikukwama popote?"

"Hukukwama." Kisha nikaongeza, kwa sababu siwezi kuacha jambo lipite, "Lakini yale maneno si yako."

Hakukasirika. "Si yangu. Nimeyakariri. Tangu tumzike nayasema shambani kila siku, mpaka maharage yameokoka."

"Kwa nini, sasa?"

Alifuta jasho kwa kiganja, akihakikisha halidondokei kola. "Mama yako aliyapenda. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hujui. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikuwa ananirudishia maombi yote njiani. Umesikia alivyosema kiti cha enzi? Umesikia pale aliposhusha sauti? Mimi nasema ndiyo, nimesikia. Ulipoomba wewe, wiki nzima hakuzungumza jambo lingine. Alitaka siku moja na mimi anione pale." Akafuta jasho tena. "Ya kwangu alikuwa anayacheka. Anasema namwongelesha Mungu kama mtu aliyeniazima jembe."

Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikitamani kwa niaba ya mama, na kumbe alichokitamani mama kilikuwa ndicho hiki, kilichotokea asubuhi, na mimi peke yangu ndiye sikukitaka. Nilijaribu kufikiri kama koti lilikuwa limemficha baba au limembeba hadi pale alipotaka kufika, na kila nilipokaribia jibu niliona upande wa pili.

"Mimi nilipenda ya kwako," nikasema. "Yale ya kwenye baiskeli."

Baba alinitazama kwa muda. Taratibu uso wake ukabadilika, na nikaona aibu, aibu ya mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

"Ulikuwa unayasikia?"

"Yote."

"Nilidhani uko mbali nyuma." Alichukua kijiti, akachokoa majivu. "Yale hayakuwa ya kusikilizwa."

"Bado unaomba hivyo?"

Alichokoa majivu. Kuku akapita kati yetu. Nilitamani kumwambia kwamba mimi siwezi kabisa, kwamba Gitega nainua mikono mitupu, kwamba kama angeniombea mara moja tu kwa sauti ile, akinitaja kama alivyonitaja siku viatu viliponishinda, labda na mimi ningejua pa kuanzia. Nilikuwa nayo sentensi, nimeshaigeuza mara nyingi.

"Huyo mzee wako," baba alisema, "Idi yake ni lini?"

"Bado, baba. Bado sana."

"Basi mwambie atuvumilie hadi Jumapili ipite. Nitalipiga pasi mwenyewe." Alisimama, akatazama kama kuna mtu uani, akajinyoosha koti mbele na nyuma. "Haya, wewe ndiye msomi. Haya ya kufungua ibada sijayashika vizuri. Nisikilize, uniambie panapopinda."

Alikohoa kidogo. Akainua mikono juu ya jiko, kuku wakakimbia, akaanza na kiti cha enzi. Alikwenda vizuri hadi kwa wasafiri, akachanganya wasafiri na wagonjwa, akasimama, akanitazama.

Nilimwambia wagonjwa wanakuja mwisho. Nikamwambia aanze tena, na nikafumba macho.